Kifauongo

Nilikuwa na miaka 7 hivi nilipoamini kwamba nimeua mmea kwa kidole kimoja. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mmea mfupi wenye maua ya duara ya rangi ya waridi. Niligusa ncha ya jani, na papo hapo vijani vyake vikaanza kujifunga jozi kwa jozi, kuanzia pale nilipogusa kuelekea shinani. Kisha kikonyo chote kikalegea, kikaanguka. Nikauficha mkono nyuma ya mgongo. Dada yangu alikuwa ameona kila kitu, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Usiondoke. Hicho hakijafa, kinakudanganya."

Ndiye aliyenipa jina lake: kifauongo. Wengine husema kifaurongo. Ni kitu kinachokufa uongo. Baadaye nilikuja kugundua kwamba neno hilohilo hutumika pia kwa mdudu anayejifanya maiti ukimgusa. Nalipenda neno hili kwa sababu hiyo. Waliolitunga hawakujishughulisha na kutenganisha mmea na mnyama. Walitazama tendo, wakaona ni lilelile, wakalipa jina moja.

Masimulizi mengi ya maisha porini ni ya mwenye nguvu mpishe: meno, kwato, mbio. Siyapuuzi. Lakini kadiri ninavyosoma na kutazama, ndivyo ninavyozidi kuvutwa na wale ambao hatari ikija wanazima. Hawakimbii wala hawapigani. Wanalala, wanakauka, wanaganda, na baadhi yao wanavuka mahali ambapo mwenye mbio asingefika. Kinachonigusa zaidi ni kwamba kuzima huko si kukata tamaa. Ni kazi, tena kazi inayotaka maandalizi na yenye gharama yake.

Miaka mingi baada ya siku ile nilirudi kwa kifauongo nikiwa na saa mkononi. Nikakigusa, nikaketi. Dakika za mwanzo hapakuwa na kitu. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipoona kikonyo kimeinuka kidogo sana, kwa mwendo ambao jicho halikuuona. Niliona tu kwamba hakipo tena pale kilipokuwa. Halafu vijani vikaanza kuachana, mwanya mwembamba kwanza, kama kope za mtoto anayechungulia kuona kama mkubwa ameondoka. Ilichukua kama robo saa kabla jani zima halijatandazika tena. Kufunga kulichukua sekunde, kufungua kukachukua muda wote huo. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nitake kujua kinachotokea ndani.

Mmea hauna msuli hata mmoja. Kwenye shina la kila kijani, na pale kikonyo kinaposhikana na tawi, kuna kifundo kidogo kilichovimba, na seli zake zimejaa maji zikakaza kama puto. Ukigusa, ishara ya umeme inapita, chumvichumvi kama potasiamu zinatoka ndani ya seli za upande mmoja wa kifundo, na maji yanazifuata. Upande huo unanywea na jani linaanguka. Kuanguka ni rahisi, ni sawa na kufungua bomba. Kurudi ndiko kugumu, maana mmea lazima uzisukume zile chumvi kurudi ndani, moja baada ya nyingine, kwa nguvu zake wenyewe. Na muda wote jani likiwa limejikunja, linapata mwanga mdogo, yaani chakula kidogo. Uongo huu unalipiwa.

Mmea huu umewashughulisha watu kwa muda mrefu. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliufungia gizani ili aone kama ni jua linalouamsha asubuhi. Mmea ukaendelea kufungua na kufunga majani yake kwa saa zilezile, bila kuliona jua. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya jaribio ambalo vyungu vya kifauongo viliangushwa tena na tena kutoka kimo cha sentimita 15, juu ya kitu laini kisichoumiza. Baada ya kuangushwa mara kadhaa mimea iliacha kujikunja, kana kwamba imekwisha kujua kwamba hapa hakuna jambo. Kama hiyo iitwe kumbukumbu au la, wanasayansi bado wanabishana. Mimi naona inatosha kujua kwamba mmea haupotezi chakula chake kwa tishio lisilo na meno.

Upande wa wanyama, mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye mchanga mkavu. Umewahi kuona vile vijishimo vyenye umbo la faneli? Chini yake amejificha kitukutuku, buu mwenye taya kama koleo anayesubiri sisimizi ateleze. Mtoe taratibu umweke kiganjani, naye ataganda. Utampulizia, utampindua, hatatikisika. Charles Darwin aliwahi kuandika kuhusu mbawakawa aliyekaa bila kusogea kwa dakika 23. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walieleza kuhusu vitukutuku na kumtaja mmoja aliyelala kama maiti kwa dakika 61. Saa nzima na ushei! Na kila mmoja ana muda wake, hawafanani, kwa hiyo ndege hawezi kujifunza kwamba akingoja kiasi fulani chakula kitaanza kutembea tena. Atachoka, ataenda kutafuta shimo jingine.

Kuna nyoka huko Amerika Kaskazini mwenye pua iliyobinuka juu, wa jenasi ya Heterodon, ambaye akishindwa kukutisha kwa kuvimba na kufoka, hulala chali, akaachama kinywa, ulimi ukatoka nje, na kutoa harufu mbaya. Ukimgeuza akae kifudifudi kama nyoka anavyopaswa kukaa, hujipindua haraka akalala chali tena. Huko ndiko kosa lake liliko: maiti haijigeuzi. Lakini adui zake wengi hawafiki huko kwenye uchunguzi wao.

Oposamu, mnyama wa Marekani mwenye ukubwa kama wa paka, naye hulegea hivyohivyo, mate yakamtoka, na nyuma akatoa majimaji yanayonuka kama kitu kilichooza. Kwa muda mrefu watu walidhani anaigiza. Ukweli ni kwamba hachagui. Mwili wenyewe ndio unaomwangusha, naye hawezi kuinuka kwa kutaka, huku ubongo wake ukiendelea kuonyesha dalili za kuwa macho. Nikifikiria hali hiyo napata ubaridi: kulala pale, meno ya adui yakikugusa, unasikia kila kitu na mwili hauko chini ya amri yako. Watu waliowahi kupatwa na hofu kali hadi miguu ikafa ganzi wataelewa ninachosema.

Wapo pia wanaoutumia uongo huu kushambulia. Katika Ziwa Malawi kuna samaki, Nimbochromis livingstonii, mwenye mabakamabaka kama mzoga ulioanza kuharibika. Hushuka chini, akalala ubavu, akatulia. Samaki wadogo wakija kudonoa nyama ya bure, maiti inawameza.

Na kabla sijaendelea, nimtaje mjusi, maana yeye amegeuza mchezo. Siku moja mlango ulijifunga kwa upepo nikaona mkia ukirukaruka sakafuni peke yake, ukijipinda huku na huku kwa fujo, nami nikautazama mpaka ulipochoka. Nilipoinua macho mwenyewe alikuwa ameshapotelea juu ya dari. Mifupa ya mkia wa mjusi wa aina hiyo ina mahali palipokwisha kuandaliwa kukatika, misuli inaachana bila kuchanika, na damu hutoka kidogo tu. Hapa kilichokufa ndicho kinachojifanya hai, ili kilicho hai kipate nafasi ya kutoweka. Anayebaki anapoteza akiba ya mafuta aliyokuwa ameiweka mkiani, na mkia mpya utakaoota utakuwa na gegedu badala ya mfupa.

Hadi hapo tumekuwa kwenye uongo. Moyo unadunda, damu inazunguka, ni maonyesho tu. Kilichonikosesha usingizi ni wale wanaokwenda mbali zaidi.

Niliwahi kukesha hospitalini kando ya kitanda cha baba, macho yangu kwenye mstari wa kijani wa ile mashine ya mapigo ya moyo. Kila kilima kidogo kilichopita nilikishukuru. Nilijua, kama ajuavyo kila mtu, kwamba mstari ule ukilala umelala. Baba alirudi nyumbani wiki 3 baadaye. Ni katika miezi ileile nilipokutana na habari za chura wa msituni wa Alaska na Kanada, Rana sylvatica, nikazisoma kwa namna ambayo nisingezisoma mwaka mwingine.

Chura huyu hachimbi chini kukimbia baridi. Hujilaza juu ya ardhi, chini ya majani makavu, akangoja. Barafu inapogusa ngozi yake, ini hupata habari na ndani ya dakika chache huanza kuvunja akiba yake na kumwaga sukari kwenye damu, nyingi mno, kiwango ambacho binadamu hawezi kukibeba akabaki hai. Moyo unafanya kazi yake ya mwisho ya msimu: kuisambaza sukari ile hadi kwenye kila kiungo kabla njia hazijafungwa. Kisha maji yaliyo nje ya seli yanageuka barafu, chini ya ngozi, tumboni, kati ya viungo. Hadi theluthi mbili hivi ya maji ya mwili huganda. Macho yanakuwa meupe. Kupumua kunakoma. Moyo unasimama. Ukimshika ni mgumu kama jiwe.

Ndani ya seli, hata hivyo, barafu haiingii. Sukari imezuia. Seli zimenywea, zimekuwa na uzito wa asali, lakini hazijapasuka. Kupasuka kwa seli ndiko kunakofanya baridi iue, na ndiko chura alikokuzuia mapema. Walioko karibu na mji wa Fairbanks, Alaska, wamepimwa wakiwa hivyo kwa takriban miezi 7, katika baridi iliyofika −18°C. Halafu majira yanageuka. Barafu inayeyuka, na moyo, ambao hakuna mtu aliyeugusa, unapiga mara moja. Baadaye mara nyingine. Pumzi hufuata, halafu miguu. Kabla siku nyingi hazijapita madume yanalia kwenye madimbwi, yanatafuta wenza.

Miezi 7 mstari ukiwa umelala. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini nikatoka nje. Simaanishi kwamba binadamu angeweza. Hatuna ini la namna hiyo. Lakini kile nilichodhani ni mpaka wa dunia nzima kumbe ni mpaka wetu sisi.

Tusihamie mbali na maji. Kamongo wa Afrika ni samaki mwenye mapafu, na bwawa lake likianza kukauka huchimba tope, akajikunja mkia ukafunika kichwa, na kutoa utelezi unaokauka na kuwa mfuko mwembamba kama karatasi ya ngozi. Mfuko unafunika mwili wote isipokuwa tundu dogo mdomoni, la kupitisha hewa. Humo ndani huishi kwa kula misuli yake mwenyewe, polepole. Taka za mwili, ambazo samaki wengine huzitoa majini kama amonia, yeye huzigeuza urea iliyo na sumu kidogo, akaihifadhi mwilini. Katika maabara wamewahi kukaa hivyo kwa miaka. Katika karne ya 19 walisafirishwa hadi Ulaya wakiwa ndani ya mabonge ya tope gumu. Kinachomwamsha ni mvua: maji yanajaza lile tundu, hewa inakatika, na samaki huyu anaamka kwa sababu anakabwa na maji.

Chura na kamongo bado wamebaki na maji yao, hata kama yamekuwa barafu au yamepungua. Wapo walioyaacha kabisa. Mwaka 1702 Antonie van Leeuwenhoek, fundi wa hadubini wa mji wa Delft, alichukua vumbi kavu la mfereji wa paa, akalitia maji yaliyochemshwa, akatazama. Katika muda wa saa moja vijidudu vikaanza kuogelea. Vilikuwa rotifa, wanyama wadogo mno wa majini. Swali alilolianzisha liliwagawa wasomi kwa zaidi ya miaka 150: je, vilikuwa vimekufa vikafufuka, au vilikuwa hai muda wote? Huko Paris iliundwa kamati chini ya daktari Paul Broca kulichunguza, ikatoa ripoti ndefu mwaka 1860, na bado wakubwa hawakukubaliana. Jina la hali hiyo, kriptobiosi, yaani uhai uliofichika, lilitolewa na mwanabiolojia David Keilin mwaka 1959. Mimi ningependa kumwambia kwamba lugha yangu ilikuwa na neno tayari.

Tadigredi, wanaoitwa pia dubu-maji, ndio mashuhuri zaidi kati yao. Wanaishi kwenye kuvumwani, ule uoto mfupi laini unaofunika mawe na kuta zenye unyevu, wengi wao wakiwa na urefu usiozidi milimita moja. Unyevu ukiisha hukunja miguu yao 8, wakajifinya wakawa kama kidonge, na maji yao hushuka hadi asilimia chache tu. Mwaka 2007 walirushwa angani ndani ya chombo FOTON-M3, wakakaa siku 10 kwenye ombwe, na wengi walipotiwa maji waliamka. Wengine, waliokusanywa Antaktika mwaka 1983 na kuhifadhiwa kwenye baridi ya −20°C, waliamshwa mwaka 2014, na mmoja akataga mayai yaliyoanguliwa. Lakini naona hawatendewi haki wanapoitwa viumbe wasiouawa na kitu. Tadigredi aliye macho, anayetembea na kula, ni dhaifu. Joto la kawaida la mwili wa mtu, likidumu, linaweza kumuua. Nguvu zake zote ziko katika kuzima. Tena akikaushwa ghafla bila muda wa kujikunja, hufa kweli.

Kuhusu mabuu ya Polypedilum vanderplanki, jamaa wa mbu wasiouma wanaoishi kwenye vidimbwi vya juu ya miamba Nigeria, nitasema moja tu: kuna waliokaa wakavu miaka 17, wakatiwa maji, wakaanza kujinyonganyonga.

Sasa nirudi kwenye mimea, nilikoanzia. Kusini mwa Afrika kuna kichaka cha miambani, Myrothamnus flabellifolia, ambacho wakati wa kiangazi hubaki fungu la vijiti vya kahawia unavyoweza kuvivunja kwa vidole. Mvua ikinyesha, siku inayofuata ni kijani. Hakikuota upya, ni majani yaleyale. Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyeshuhudia ufufuo wa namna hiyo akiwa mtoto, ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza mimea hii. Kabla ya kukauka kabisa, hujaza seli zake sukari inayoganda kama kioo na kushikilia kila kitu mahali pake, kisha huzuia mwanga usiharibu majani yasiyo na maji.

Na jeni zinazoendesha kazi hiyo si ngeni. Ni zilezile ambazo mimea mingine huzitumia kukausha mbegu zake. Mmea unaofufuka umeuchukua ujuzi wa mbegu na kuueneza hadi kwenye majani na mizizi. Nilipoelewa hivyo nilichukua harage kavu nikaliweka kiganjani, gumu, jepesi, halina dalili yoyote. Nimeshika maharage maisha yangu yote bila kujua kwamba nimeshika kifauongo.

Mwaka 1879 profesa wa mimea William James Beal alizika chupa 20 katika ardhi ya chuo chake huko Michigan, Marekani. Kila moja ilikuwa na mbegu zaidi ya 1,000 za mimea ya magugu, zimechanganywa na mchanga, mdomo wa chupa ukielekea chini ili maji yasijikusanye. Alitaka kujua mbegu inaweza kungoja kwa muda gani. Mwanzoni chupa moja ilifukuliwa kila baada ya miaka 5, baadaye 10, kisha 20, maana waliomrithi waliona mbegu zina subira kuliko walivyopanga. Mahali penyewe ni siri, na ramani inakabidhiwa kizazi kwa kizazi.

Aprili 2021 watu wachache walikwenda huko kabla hakujapambazuka, na taa hafifu, kwa sababu mwanga mkali ungeweza kuziamsha mbegu kabla ya wakati. Walichimba, wakakosea mahali kwanza, wakachimba tena, hatimaye chupa ikashikwa mkononi. Mchanga ukamwagwa kwenye sinia, ukatiwa maji, ukawekwa kwenye mwanga. Baada ya siku chache mche mmoja ukatokeza, ukafuatiwa na mingine, karibu yote ya mmea mmoja wenye maua ya njano, Verbascum blattaria. Ilikuwa imepita miaka 142 tangu Beal azifukie.

Chupa 4 bado zimo ardhini. Inayofuata itafukuliwa mwaka 2040.